Uchakavu si Ushahidi: Utambuzi wa Chanzo cha Mtetemo na Kelele katika Mfumo wa Usafirishaji Nguvu wa Gari la Kasi la Zamani

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna ya kutambua chanzo cha mtetemo na kelele katika mfumo wa usafirishaji nguvu wa gari la kasi lenye umri mkubwa. Mfano unaotumika ni BMW M3 ya kizazi cha E36 yenye injini ya lita 3.0 na giaboksi ya gia tano. Hoja kuu ni kwamba katika gari la zamani uchakavu umeenea karibu kila mahali. Kwa hiyo, kuonekana kwa sehemu iliyochakaa hakuthibitishi kuwa sehemu hiyo ndiyo inayosababisha tatizo. Kinachothibitisha ni uhusiano uliopo kati ya mtetemo wenyewe na mzunguko wa sehemu inayoshukiwa. Makala inaonesha jinsi uhusiano huo unavyopatikana kwa maelezo ya dereva, kwa hesabu, kwa majaribio ya barabarani na kwa ukaguzi wa karakana.

1.0 Utangulizi

M3 ya kizazi cha E36 ilianza kuuzwa mwaka 1992, na uzalishaji wake ulikoma mwaka 1999. Hata gari la mwisho la kizazi hicho limekwishapita umri ambao mpira, grisi na beringi zake zinaweza kutarajiwa kubaki katika hali ya awali. Mpira hukauka na kupasuka hata gari likiwa limeegeshwa. Grisi iliyofungiwa ndani ya viungo hukauka. Beringi hupata makovu madogo kwenye njia za gololi.

Hali hii huzaa tatizo la kimantiki kabla ya kuzaa tatizo la kiufundi. Gari jipya likitetemeka, fundi hutafuta sehemu moja isiyo sawa kati ya nyingi zilizo sawa. Gari la zamani linapopandishwa juu, fundi huona sehemu tano au sita zisizo sawa kwa wakati mmoja, na kila moja inaweza kutetewa kuwa ndiyo mkosaji. Njia inayozoeleka ni kubadilisha sehemu inayoonekana mbaya kuliko nyingine, kisha ile inayofuata, hadi mtetemo ukome au fedha za mwenye gari ziishe. Hasara haiishii kwenye fedha. Sehemu ya awali iliyokuwa nzima inaweza kuondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na ya bei nafuu isiyo na ulinganifu mzuri, na hivyo mtetemo wa pili ukazaliwa juu ya ule wa kwanza. Kubwa zaidi, kiungo kinachoelekea kukatika kinaweza kuachwa kwa sababu macho yote yameelekezwa kwingine.

2.0 Muundo wa Mfumo na Familia Tatu za Mzunguko

Katika gari hili nguvu hutoka kwenye injini ya silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja. Hupita kwenye flaiwili ya tungamo mbili na klachi, ikaingia kwenye giaboksi. Nyuma ya giaboksi ipo diski ya mpira inayounganisha giaboksi na propela. Propela ina vipande viwili. Katikati yake hushikiliwa na beringi iliyozungushiwa mpira na kufungwa chini ya sakafu ya gari, na vipande hivyo huunganishwa kwa kiungo cha msalaba. Propela huingia kwenye difu yenye kizuizi cha mtelezo, na kutoka hapo shafti mbili fupi hupeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma.

Kwa ajili ya uchunguzi, orodha hii ndefu hugawanyika katika familia tatu kulingana na kasi ya mzunguko. Familia ya kwanza huzunguka kwa kasi ya injini: fimbo kombo, flaiwili, klachi na shafti ya kuingilia giaboksi. Familia ya pili huzunguka kwa kasi ya propela: shafti ya kutokea giaboksi, diski ya mpira, propela, viungo vyake na pinioni ya difu. Familia ya tatu huzunguka kwa kasi ya magurudumu: krauni ya difu, shafti fupi, beringi za magurudumu, rimu na tairi. Vishikizi vya mpira vya injini, giaboksi na difu havizunguki kabisa. Havizalishi mtetemo, bali huupitisha au huuzuia. Tofauti hii kati ya kinachozalisha na kinachopitisha ni ya msingi, na itarejewa mbele.

3.0 Maelezo ya Dereva kama Data ya Kwanza

Uchunguzi huanza na maneno. Kauli kwamba "gari linatetemeka" haimpi fundi chochote cha kufuata, kwa kuwa inaweza kubeba hali nne au tano tofauti. Kiswahili, hata hivyo, kina vitenzi vinavyotosha kuzitenga hali hizo. Makala hii inapendekeza vitumike kwa mpaka ulio wazi zaidi kuliko ilivyo katika mazungumzo ya kawaida.

Kutikisika kuwe ni kwa mwendo wa taratibu ambao mwili huuhisi wazi kwenye usukani au kiti. Kutetemeka kuwe ni kwa mwendo wa haraka unaohisiwa sakafuni na kwenye kioo cha kutazamia nyuma, ambacho taswira yake hufifia. Kuvuma kuwe ni kwa sauti nzito inayojaza chumba cha gari na kuonekana kama inasukuma masikio. Kulia kuwe ni kwa sauti nyembamba yenye noti moja inayopanda na kushuka pamoja na mwendo. Kunguruma kuwe ni kwa sauti yenye ukavu isiyo na noti maalumu, kama ile ya beringi iliyoharibika. Kugonga kuwe ni kwa kishindo kimoja kimoja, hasa pale mafuta yanapokanyagwa au kuachiwa.

Mpangilio huu haukuchaguliwa kwa ajili ya uzuri wa lugha pekee. Kila kitenzi kinalingana na eneo fulani la marudio, yaani idadi ya mitetemo katika sekunde moja, ambayo hupimwa kwa hezi. Kwa hiyo, dereva anayesema "linavuma" badala ya "linatikisika" amekwishapunguza nusu ya kazi.

4.0 Hesabu za Marudio

Hesabu zinazofuata zinahusu M3 ya lita 3.0, ambayo uwiano wa difu yake ni 3.15, gia yake ya tano ni 1.00 na gia yake ya nne ni 1.24. Toleo la lita 3.2 lililofuata katika soko la Ulaya lina gia sita, hivyo hesabu zake hazina budi kufanywa upya. Tairi ya 235/40 R17 husafiri takribani mita 1.9 kwa kila mzunguko mmoja.

Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gari husafiri mita 27.8 kwa sekunde. Gurudumu, basi, huzunguka takribani mara 14.6 kwa sekunde. Propela huzunguka mara 3.15 zaidi, yaani takribani mara 46 kwa sekunde. Katika gia ya tano injini nayo huzunguka mara 46, sawa na mizunguko 2,760 hivi kwa dakika. Katika gia ya nne injini hupanda hadi mara 57 kwa sekunde, sawa na mizunguko 3,430 hivi kwa dakika.

Jedwali 1: Marudio yanayotarajiwa katika kilomita 100 kwa saa

| Chanzo | Gia ya tano | Gia ya nne |
|---|---|---|
| Gurudumu lisilo na ulinganifu | hezi 14.6 | hezi 14.6 |
| Propela isiyo na ulinganifu | hezi 46 | hezi 46 |
| Pembe ya kiungo cha msalaba | hezi 92 | hezi 92 |
| Mzunguko wa injini | hezi 46 | hezi 57 |
| Milipuko ya silinda | hezi 138 | hezi 171 |

Safu ya milipuko ya silinda inatokana na ukweli kwamba injini ya silinda sita yenye mapigo manne huwa na milipuko mitatu katika kila mzunguko. Safu ya kiungo cha msalaba inahitaji maelezo zaidi. Kiungo hiki kinapofanya kazi kwa pembe, upande wa kutokea hauzunguki kwa kasi moja, bali huharakisha na kupunguza mwendo mara mbili katika kila mzunguko. Katika pembe ya digrii 3 kupanda na kushuka huko ni takribani asilimia 0.14 ya kasi ya wastani. Katika digrii 6 hufikia takribani asilimia 0.55. Yaani, pembe ikiongezeka mara mbili, athari huongezeka karibu mara nne. Ndiyo maana kishikizi cha giaboksi kilicholegea kwa milimita chache kinaweza kuleta mvumo ambao haukuwapo.

Kulia kwa difu kuko juu zaidi ya yote haya. Iwapo pinioni ina meno 13, mgusano wa meno hutokea takribani mara 600 kwa sekunde katika mwendo huohuo. Hakuna sehemu nyingine iliyotajwa katika Jedwali 1 inayokaribia kiwango hicho.

Jedwali linafichua pia mtego. Katika gia ya tano injini na propela huzunguka kwa kasi ileile, kwa kuwa nguvu hupita moja kwa moja bila kubadilishwa. Fundi anayefanya jaribio lake lote katika gia ya tano hawezi, hata akiwa na kipimo bora, kutenganisha flaiwili mbovu na propela mbovu. Zote mbili zitaonesha hezi 46. Katika gia ya nne hutengana.

5.0 Majaribio ya Barabarani

Majaribio yafanywe katika barabara iliyonyooka isiyo na msongamano, ndani ya mwendo unaoruhusiwa, dereva akiendesha na mtu wa pili akiandika. Shinikizo la upepo na ulinganifu wa magurudumu huhakikiwa kwanza, kwa kuwa tairi ndiyo chanzo cha kawaida na cha gharama ndogo kukiondoa.

Jaribio la kwanza ni kutafuta mwendo ambao tatizo hufikia kilele. Jaribio la pili ni kubaki katika mwendo huo na kubadili gia. Tatizo lisilobadilika liko baada ya giaboksi, yaani katika familia ya pili au ya tatu. Tatizo linalohama pamoja na mshale wa mizunguko ya injini liko katika familia ya kwanza. Jaribio la tatu, gari likiwa limesimama, ni kupandisha injini hadi mizunguko ileile. Tatizo likijirudia, sehemu zote zilizo nyuma ya giaboksi huondolewa katika orodha.

Jaribio la nne ni kuondoa mzigo. Dereva huweka gia huru katika mwendo wa tatizo na kuliacha gari liserereke, injini ikiwa bado inawaka ili breki na usukani vibaki na msaada wake. Mtetemo unaoendelea unatokana na kukosa ulinganifu au kupinda. Mtetemo unaokoma unategemea msokoto, na hapo viungo, diski ya mpira, vishikizi na meno ya difu huwa washukiwa. Jaribio la tano ni kuyumbisha gari kwa upole kushoto na kulia. Uzito huhamia upande wa nje wa kona, hivyo mngurumo unaoongezeka gari linapoelekea kushoto huelekeza kwenye beringi ya gurudumu la kulia. Jaribio la sita ni kubadili aina ya uso wa barabara. Kelele ya tairi hubadilika lami inapobadilika, ilhali kelele ya difu hubaki kama ilivyo.

Kelele za eneo la klachi zina jaribio lake. Gari likiwa limesimama katika gia huru, kelele inayokoma kanyagio la klachi linapokanyagwa hutoka kwenye shafti ya kuingilia giaboksi au beringi yake. Kelele inayoanza kanyagio linapokanyagwa hutoka kwenye beringi ya kuachia klachi. Aidha, iwapo flaiwili ya awali imebadilishwa na kuwekwa nyepesi ya tungamo moja, kugongana kwa gia wakati injini ikizunguka polepole ni tokeo la badiliko hilo. Hakuna sehemu iliyoharibika, na kuifungua giaboksi hakutaleta ukimya.

Simu ya mkononi yenye kihisi cha mtikisiko inaweza kusaidia kupima marudio, lakini kwa tahadhari. Iwapo kihisi kinachukua vipimo 100 kwa sekunde, hakiwezi kuonesha kwa usahihi chochote kilicho juu ya hezi 50. Mtetemo wa hezi 92 utajitokeza kwenye kioo kana kwamba ni wa hezi 8, na fundi atapelekwa kwenye magurudumu huku chanzo kikiwa kiungo cha msalaba. Kwa marudio ya juu, kipaza sauti cha simu hiyohiyo ni chombo bora zaidi.

6.0 Ukaguzi wa Karakana

Gari hupandishwa juu baada ya majaribio, na ukaguzi hufuata familia iliyobaki katika orodha. Diski ya mpira hukaguliwa kwa nyufa kati ya tundu za bolti. Diski iliyokufa huleta kugonga wakati wa kubadili gia. Wakati wa kufunga mpya, mishale iliyoandikwa juu yake huelekezwa kwenye mikono ya flanji, na upande wa bolti ulio kwenye mpira hushikiliwa ili mpira usijisokote. Beringi ya kati huzungushwa kwa mkono. Ukavu wake huleta mngurumo, na mpira wake uliochanika huleta mtikisiko wakati gari linaondoka. Ifungwapo, husogezwa mbele kwa milimita 4 hadi 6 ili mpira uwe na mvutano wa awali, hatua ambayo ikirukwa beringi mpya hufa mapema.

Kabla ya kushusha propela, flanji zote na vipande vyote viwili huwekewa alama. Propela ikirudishwa ikiwa imegeuzwa bila kukusudia, ulinganifu wake hupotea. Hata hivyo, kuigeuza kwa makusudi upande wa difu kwa nusu mzunguko ni jaribio lenye thamani. Mtetemo ukipungua au ukiongezeka kwa wazi, basi propela na flanji yake zinahusika.

Tahadhari mbili zinastahili mkazo. Kwanza, kuzungusha magurudumu kwa injini huku gari limeinuliwa na magurudumu yananing'inia huziweka shafti fupi katika pembe ambazo hazipo barabarani, na huweza kuzalisha mtetemo usiohusiana na malalamiko. Mikono ya nyuma haina budi kuinuliwa hadi kimo cha kawaida. Pili, kwa kuwa difu ina kizuizi cha mtelezo, kuinua gurudumu moja tu na kuingiza gia ni hatari. Gurudumu lililo chini linaweza kulisukuma gari kutoka kwenye jeki.

Magari mengi ya aina hii yameshushwa kimo. Dhana iliyoenea ni kwamba kushusha gari hubadilisha pembe za propela. Katika gari hili difu imefungwa kwenye fremu ndogo, haipandi na kushuka pamoja na magurudumu. Kwa hiyo pembe zinazobadilika ni za shafti fupi. Pembe za propela hubadilishwa na vishikizi vya injini, giaboksi na difu.

7.0 Mjadala: Chanzo, Njia na Wajibu

Ichukuliwe kuwa gari linatetemeka sakafuni katika kilomita 100 kwa saa, gia ya tano. Ukaguzi wa macho unaonesha diski ya mpira yenye nyufa, mpira wa beringi ya kati uliochanika kidogo, vishikizi vya giaboksi vilivyolegea, na tairi moja yenye uso usio sawa. Kwa mantiki ya uchakavu, vyote vinne vina hatia. Kipimo kinaonesha hezi 46, hivyo tairi huondoka katika orodha ya watuhumiwa. Katika gia ya nne marudio hubaki 46, hivyo injini na flaiwili huondoka. Katika gia huru mtetemo huendelea, hivyo msokoto si sharti lake. Hakuna dalili ya hezi 92, hivyo pembe za viungo haziko mbele katika orodha. Kinachobaki ni propela isiyo na ulinganifu au isiyokaa katikati. Hiyo ndiyo sehemu ambayo macho hayakuona kosa lolote kwake, pengine kwa sababu kipande kidogo cha chuma cha kulinganishia kilichochomelewa juu yake kimeng'oka na kuacha alama ndogo tu.

Je, sehemu nne zilizochakaa ziachwe? Hapana. Diski yenye nyufa ikikatika katika mwendo mkubwa, propela inaweza kupiga sakafu ya gari. Lazima ibadilishwe, lakini kwa sababu ya usalama, wala si kwa ahadi kwamba mtetemo utakoma. Vishikizi vilivyolegea ni njia. Vikibadilishwa kwa vigumu zaidi, mtetemo huohuo unaweza kupita kwa wingi zaidi na kuonekana umeongezeka, ingawa chanzo hakijabadilika. Inafaa, basi, kadi ya kazi iwe na orodha mbili zilizotengwa: sehemu zinazopaswa kubadilishwa kwa sababu ya hali yake, na sehemu iliyothibitishwa kusababisha malalamiko. Kila badiliko lifuatiwe na jaribio lilelile katika barabara ileile. Sehemu tatu zikibadilishwa kwa pamoja na mtetemo ukakoma, gari litakuwa limepona bila mtu yeyote kujua kilichokuwa kinaliumiza, na tatizo likirudi hakutakuwa na pa kuanzia.

8.0 Hitimisho

Makala imeonesha kuwa utambuzi wa mtetemo katika gari la zamani ni kazi ya kuondoa washukiwa kwa mpangilio. Maelezo ya dereva yakitenganishwa kwa vitenzi sahihi hutoa eneo la marudio. Hesabu chache hutoa familia ya mzunguko. Kubadili gia, kuondoa mzigo na kuhamisha uzito hutoa kundi dogo la sehemu, na karakana huthibitisha moja. Umri wa sehemu humwambia fundi nini kinaweza kukatika kesho. Marudio ndiyo yanayomwambia nini kinachotetemeka leo. Fundi anayeyaweka maswali haya mawili mbalimbali humwezesha mwenye gari kujua analipia usalama kiasi gani na analipia tiba kiasi gani. Pamoja na hayo, huziacha sehemu nzima za gari ambalo halitengenezwi tena zibaki mahali pake.